Mkono wa Ezekia na Vikao Vyetu Vitatu

Nasikia hapo shuleni kwenu mmepata kijana anayerusha mpira kama ana ugomvi nao, na akipewa rungu anaupiga mpaka unavuka uzio. Nasikia pia mmegawanyika. Wengine mnataka arushe tu, wengine mnataka apige tu, na wachache wenye tamaa mnataka vyote viwili. Na kwamba mmeshapanga kikao. Hongereni sana. Bila kikao mtoto angeweza kucheza hivi hivi tu, akafurahi, na nani angewajibika?

Kwa kuwa mmenitumia ujumbe kuniomba ushauri, mimi mstaafu ninayefuga kuku hapa Chapwa, nitawapa. Ila mjue mnamwomba mtu aliyekaa vikao vitatu kuhusu mkono wa mtoto mmoja, akajaza daftari zima kwa hesabu, na akakosea kila kitu isipokuwa tarehe.

Nianze na namna nilivyokuwa mtaalamu, msije mkadhani utaalamu wangu ni wa kubahatisha. Nilikuwa nafundisha jiografia. Siku moja yakaja maboksi manne shuleni: glovu, mipira, marungu, na kinyago kimoja cha chuma cha mdakaji, ambacho mwalimu wa zamu alidhani ni cha kufugia nyuki. Mkuu wa shule akauliza nani anaujua mchezo wa besiboli. Walimu wote tukaanza kusahihisha madaftari kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana. Macho yake yakatua kwangu. Akaniuliza kama utotoni sikucheza rede, ule mchezo wa kumlenga mwenzako kwa mpira. Nikamwambia hakuna msichana wa Tanzania ambaye hakucheza rede. Akasema basi yamekwisha, kurusha ni kurusha, na jioni ile ile jina langu likabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nyinyi siku hizi mna vyeti, na mna video kwenye simu zinazoonyesha kila kidole kinavyoshika mpira. Sisi tulikuwa na rede.

Mgeni aliyetuletea vile vifaa alikaa nasi wiki mbili. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo alifundisha kwa mikono, na nadhani ndiyo sababu tulimwelewa. Alinionyesha jambo moja ambalo namshukuru hadi leo: kila mpira unaorushwa, chora mstari. Mkono wa mtoto una kiasi chake, na ukizidisha unaharibika begani au kwenye kiwiko, na ukiharibika haurudi dukani. Alinifundisha pia kutazama kiwiko. Kikishuka chini ya bega wakati anarusha, huyo amechoka, mtoe hata kama baba yake ni diwani. Mengine nilijifunza mwenyewe. Mtoto akianza kubeba begi kwa mkono ambao si wake wa kawaida, usimpe mpira siku hiyo. Na glovu mpya ikiwa ngumu, weka mpira katikati, ifunge kwa kamba, mtu aikalie. Sisi tulimpa mlinzi wa shule, maana kukaa ndiyo kazi aliyokuwa ameizoea. Baada ya wiki moja ilikuwa laini kabisa.

Uwanja wetu mnaujua. Upande mmoja madarasa, upande wa pili barabara yenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Vituo vya kukimbilia vilikuwa mifuko ya saruji tuliyojaza mchanga. Mtu akipiga vizuri sana, mpira ulitua kwenye turubai la lori, na dereva akiwa ndiyo kwanza ameitwa getini, hatuonani nao tena. Tulipoteza mipira sita namna hiyo. Yote iliingia Zambia bila kugongewa muhuri.

Minne kati ya hiyo sita aliipiga Ezekia.

Ezekia Haonga alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa Hasamba, mwembamba, mrefu, msemaji kama mlango. Siku za masomo alilala hosteli, Ijumaa mchana alipanda gari kwenda kwao, Jumapili jioni alirudi. Siku ya kwanza niliyompa mpira arushe, mdakaji alivua glovu akakitazama kiganja chake, kisha akanitazama mimi kama vile mimi ndiye niliyemkosea. Nikamwambia Ezekia arushe tena. Mdakaji akaomba ruhusa ya kwenda chooni na hakurudi. Wiki iliyofuata nikampa rungu, nikitumaini kwamba Mungu ni wa haki na hawezi kumpa mtoto mmoja kila kitu. Mpira wa pili ulitua kwenye lori la saruji.

Basi likazaliwa swali hilo hilo mlilonalo nyinyi. Mrushaji anachoka. Anayerusha kisha akapiga, akapiga kisha akakimbia vituo, kisha akarudi katikati ya uwanja kurusha tena, anachoka mara mbili. Lakini ukimweka arushe tu, zamu ya kupiga ikifika anakaa benchi kama mgeni aliyekuja na zawadi, na mpigaji wako bora ndiye yule unayemtazama amekaa. Ni swali gumu kweli, sikatai. Tulilifanyia kikao.

Kikaoni tulikuwa wanne. Mkuu wa shule, ambaye alitaka kombe. Mwalimu wa baiolojia, ambaye alikuwa amechora misuli ya bega kwenye karatasi ya manila, kwa rangi tatu. Bwana Siame, wakala wa forodha, aliyekuwa ametununulia jezi na kwa sababu hiyo alikuwa anajua kila kitu. Na mimi na daftari langu. Bwana Siame alisimama akatueleza kwamba katika kazi yake hakuna gari linaloruhusiwa kubeba mahindi na mafuta ya taa kwa safari moja, kwa hiyo mtoto achague mzigo mmoja. Mwalimu wa baiolojia akasema bega si gari. Bwana Siame akasema kwamba yeye anayajua magari, na mwenzake hajawahi kumiliki bega la kuuza. Tulikaa saa mbili. Tukaamua Ezekia afanye vyote viwili, lakini asirushe zaidi ya mara hamsini kwa siku, na mimi nihesabu.

Ezekia alikuwa zamu ya usafi siku hiyo. Alikuwa anafagia nje ya ofisi, chini ya dirisha. Hakuna aliyeona haja ya kumwita.

Nilihesabu. Hakuna mtu aliyewahi kuhesabu kama mimi. Mtoto alirusha arobaini na saba, niliandika arobaini na saba. Miezi miwili yote ilikwenda vizuri, na nilianza kutembea mjini kwa mwendo wa mtu anayehesabu.

Ulipoingia mwezi wa sita mambo yakabadilika. Kila Jumatatu Ezekia alikuja uwanjani bega limekaza. Kiwiko kinashuka. Begi amelibeba kushoto. Jumatano anapata nafuu, Alhamisi anarusha vizuri, Ijumaa anakwenda kwao, Jumatatu bega limekaza tena. Mtu yeyote mwenye akili timamu, hata muuza karanga wa stendi, angejiuliza mtoto huyu anafanya nini Jumamosi na Jumapili. Sisi tulikuwa wasomi, kwa hiyo tuliitisha kikao cha pili.

Mwalimu wa baiolojia alieleza kwamba misuli ikipoa ghafla inaganda, na kwamba mtoto anarusha Alhamisi na Ijumaa asubuhi kisha analipoza bega siku mbili. Tukafuta mazoezi ya Ijumaa. Jumatatu bega likakaza. Bwana Siame akasema sasa tumeona wenyewe, tatizo ni rungu, maana alilisema tangu mwanzo. Tukamkataza kupiga wiki nzima. Jumatatu bega likakaza zaidi. Ndipo tukakaa kikao cha tatu, ambacho kilikuwa kifupi kwa sababu mkuu wa shule alikuwa na safari, na mimi nikatoa uamuzi wa kitaalamu ambao niliuonea fahari: Ezekia aende nyumbani siku saba. Asirushe, asipige, apumzike kabisa. Nilimwandikia baba yake barua kwa mkono wangu.

Sasa niwaambie kwa nini wiki hiyo ilikuwa na uzito. Katikati ya mwezi wa saba walikuwa wanakuja watu watatu kutoka Dar es Salaam kuangalia vijana wa kuingia kambi ya taifa. Walikuwa wanatafuta warushaji, wapigaji walishawapata. Atakayechaguliwa angehamishiwa shule yenye uwanja wa kweli na mwalimu wa kweli, siyo wa rede. Kutoka mkoa mzima wa Songwe hakukuwa na mwingine wa kutazamwa. Ezekia alilijua hilo, na ingawa alikuwa msemaji kama mlango, alikuwa amelibandua ubaoni tangazo la ujio wao na kulibandika ndani ya kasha lake la hosteli. Wenzake ndio walioniambia.

Siku ya nne ya mapumziko nilichukua bodaboda mpaka Hasamba kumkagua mgonjwa wangu. Nilipokewa vizuri sana. Mzee Haonga, baba yake, mtu wa heshima na mikono mikubwa, alinikalisha kwenye benchi, nikaletewa chai na viazi. Alikuwa ameishika barua yangu kama hati ya shamba. Akaniambia ameifuata neno kwa neno. Akaingia ndani akatoka na sanduku la bati lenye kufuli, akalifungua mbele yangu. Mlikuwa na mpira, glovu na hata kipande cha mti ambacho Ezekia alikichonga afanyie mazoezi.

"Mwalimu, hajagusa hata kimoja," alisema. "Ulisema apumzishe mkono, nami nimeupumzisha."

Nilimshukuru kutoka moyoni. Nilimwambia wazazi wa namna yake ni wachache.

Hatua kumi kutoka kwenye benchi letu, Ezekia alikuwa anamenya kahawa. Kwa ambao hamkukulia Mbozi: kahawa mbivu ikichumwa leo inatakiwa imenywe leo, isilale na ganda lake jekundu, la sivyo inachacha na bei inaanguka. Kwao walikuwa na mashine ya mkono, gurudumu zito la chuma lenye mpini. Mmoja anamimina kahawa juu, mmoja anazungusha. Anayezungusha ni mtoto wa kiume mkubwa, kwa mkono wa kulia, kuanzia wachumaji wanaporudi mpaka debe la mwisho liishe. Msimu ule kahawa ilikuwa imeiva kweli kweli. Na kwa kuwa mwalimu alikuwa amemrudisha nyumbani wiki nzima katikati ya mavuno, Mzee Haonga aliona serikali imemkumbuka.

Nyinyi mmeshaona. Mlinzi wa shule angeona akiwa amekaa juu ya glovu. Mimi nilivisogeza viazi, nikautazama mkono ule ukizungusha na kuzungusha, bega likipanda na kushuka, nikamsifu mtoto kwa sauti kwamba pamoja na michezo bado ni mchapakazi. Nilikulia kwenye kahawa mimi. Nimeiona mashine ile maisha yangu yote, na labda hilo ndilo lililonipofusha, maana kwetu kuzungusha mashine hakuitwi kutumia mkono. Kunaitwa kuwa nyumbani. Mzee Haonga naye hakuwa na kosa. Barua yangu ilisema mpira, naye aliufungia mpira.

Kabla sijaondoka nilitimiza wajibu wangu wa kitaalamu. Nilimwita Ezekia. Akaja akijifuta mikono, akanisalimia shikamoo, akasimama pembeni ya baba yake.

"Mkono vipi? Unauma?"

Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. "Hapana, Madam. Hauumi."

Nikaandika kwenye daftari: hauumi. Nikapigia mstari chini.

Jumatatu iliyofuata alirudi shuleni na hakuweza kuinua mkono kupita sikio.

Mchezo ambao wale watu wa Dar es Salaam wangeutazama ulikuwa Ijumaa, dhidi ya shule moja ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa upande wetu hapakuwa na timu ya kutosha kutoa jasho. Alhamisi Ezekia alinifuata ofisini. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sentensi zake tatu kwa mpigo. Aliniomba arushe, hata mipira kumi, wale watu wamwone tu. Nikampeleka uwanjani nikampa mpira. Alirusha mara tatu, na mara zote tatu kiwiko kilishuka mpaka mbavuni. Wa tatu haukumfikia mdakaji.

"Nikipiga tu hawanichukui, Madam," alisema. "Wapigaji wanao."

Nilimweleza kwa upole kwamba yeye bado ni kijana, kwamba mkono ni wa maisha na mchezo ni wa siku moja, na maneno mengine mazuri ambayo mtu huyasema akiwa hana maumivu yeye. Nikakata shauri peke yangu, bila kikao, na niliona hapo ndipo nimekuwa kocha. Atapiga. Hatarusha. Na kwa nilichokuwa nimekiona siku hiyo, uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ningeuchukua tena leo. Mtoto ambaye mkono haupandi humpi mpira arushe, hata wakija watu watatu kutoka mbinguni.

Ijumaa wakaja. Wakakaa kwenye viti vya ofisi tulivyovitoa nje, wakapewa soda. Kijana tuliyemweka kurusha badala ya Ezekia alikuwa na roho nzuri na shabaha mbaya, akawagawia wale wa Nakonde vituo kama pipi. Ezekia akipiga, alipiga vizuri, kwa maumivu nafikiri, lakini vizuri. Mapumzikoni kocha wao alinifuata. Alikuwa amemwona Ezekia mwezi wa nne.

"Awe, bamayo," alinikatalia kwa Kibemba chao, yaani hapana mama, akitikisa kichwa. "Yule mrushaji mmemficha wapi?"

Nikamwambia anapumzishwa mkono.

Tulifungwa. Wale watu watatu walimpa Ezekia mkono, wakamwambia anapiga vizuri, aendelee hivyo hivyo. Kisha wakaandika jina la kijana mmoja wa Mbeya waliyemwona juzi yake. Bwana Siame aliniambia mbele ya watu kwamba ningemwacha mtoto arushe tungeshinda. Mkuu wa shule alisema kosa lilikuwa kutokaa kikao cha nne. Ezekia alizikusanya glovu, akazihesabu, akazipeleka stoo.

Mwaka jana nilikwenda Hasamba kwenye harusi ya ndugu. Nikamkuta. Ni mtu mzima, ana mke, ana kahawa yake, na siku hizi wanaipeleka kwenye mtambo wa kijiji, hakuna anayezungusha kitu. Tulikaa pamoja, tukala. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kuulizwa kwa nini sikumwacha arushe, na nilikuwa na jibu zuri. Nikalitoa kabla hajauliza. Nikamwambia kwamba angalau mkono wake tuliuokoa.

Alicheka kidogo. Akaniambia mkono ulipona wenyewe mwezi wa kumi, mavuno yalipoisha. Mwezi wa kumi na moja alikuwa anarusha kama zamani, nyuma ya banda, peke yake. Ni hapo akanieleza habari za mashine, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Kila Jumamosi, kila Jumapili, na zile siku saba nilizomwandikia mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Siku ya kikao cha kwanza alikuwa chini ya dirisha, alisikia kila neno. Na mimi nilisafiri mpaka kwao, nikamwita, nikamuuliza waziwazi kama mkono unauma.

"Uliniuliza mbele ya baba, Madam," alisema. "Ulitaka nimwambie mgeni wake kwamba kazi ya nyumbani kwetu inaniumiza?"

Kuna wali mwingi sana ulibaki kwenye sahani yangu siku ile, na mama mwenye harusi alidhani haukuiva.

Kwa hiyo kama huyo kijana wenu arushe, au apige, au afanye vyote, mimi sijui, na msiniulize tena. Mimi si wa kuulizwa. Mwiteni yeye, kesho, kabla ya hicho kikao chenu. Mtembee naye mpaka mwisho wa uwanja, huko ambako hayupo mzazi wala mkuu wa shule wala mfadhili wa jezi, na mumuulize tangu alipoamka mkono wake umefanya kazi gani. Kisha mnyamaze mpaka amalize.